Sura ya Tisa: Pumziko Lisilo na Kazi

"Saa nane mchana jina lake linakwenda polisi," alisema Bronwyn Keogh kabla Suzana hajavuta kiti. "Kama una neno, niambie kabla ya hapo. Baada ya hapo utawaambia wao."

"Mimi mzima, asante," Suzana akajibu, akaketi.

Nje ya dirisha kasuku wawili weupe walikuwa wakitafuna mpira unaoshikilia kioo, kama walivyofanya kiangazi chote. Bronwyn aliwagongea kioo kwa kalamu. Hawakujali.

Bronwyn alikuwa mkuu wa usalama wa Pardalote, kivinjari kilichozaliwa hapa hapa Wollongong, ambacho mamilioni ya watu hukifungua kila siku kusoma habari, kulipa bili na kutazama video. Suzana Trajkovska alikuwa amepeleleza kesi za utapeli katika polisi kwa miaka mingi kabla ya kufungua ofisi yake mwenyewe. Bodi ya Pardalote ilikuwa imemwajiri ajibu swali moja tu: nani aliuza siri ya tundu la usalama lililokuwa ndani ya kivinjari?

"Semisi yuko wapi sasa?"

"Kwa mama yake, Warrawong. Tulimsimamisha kazi Jumatatu. Nilitangaza mbele ya ghorofa nzima ili pasiwe na umbea."

"Ukaupata umbea wote."

Bronwyn hakucheka. Kwa upande wake kesi ilikuwa nyepesi. Mhandisi Semisi Vainikolo, kijana wa asili ya visiwa vya Tonga, ndiye aliyeligundua tundu lenyewe. Aliandika taarifa ya siri ambayo watu wawili tu waliruhusiwa kuifungua, yeye na Bronwyn. Akaandika kiraka cha kuliziba. Lakini kabla toleo jipya halijawafikia watu, wezi wakapita katika tundu lile lile na kuingia kwenye kompyuta za wanasheria watatu wa Suva.

"Mimi sikuuza," Bronwyn alisema. "Toa mmoja kwenye wawili, anabaki nani? Tena ana binamu Singapuri, katika kampuni inayonunua matundu ya namna hii."

"Binamu nimempigia leo asubuhi."

Bronwyn aliinua kichwa. "Na?"

"Ni mpishi wa kantini yao. Alinisomea menyu ya wiki nzima. Ijumaa kuna samaki."

"Mpishi naye anaweza kupeleka ujumbe."

"Anaweza. Lakini bado sijaona ujumbe wowote. Nimeona watu wawili na hesabu ya kutoa." Suzana aliweka mkoba wake sakafuni. "Sitaki tena kuambiwa nani. Nionyeshe mwizi aliingiaje."

* * *

Chumba cha majaribio hakikuwa na mtandao wala dirisha. Juu ya meza palikuwa na kompyuta moja yenye toleo la zamani la Pardalote, na ndani yake ukurasa wa mtandao ambao wezi walikuwa wameutega, kama ulivyonaswa kwenye mashine ya mmoja wa wanasheria. Suzana alijifanyia ishara ya msalaba haraka, kama afanyavyo kabla ya kugusa ushahidi wowote, akavaa miwani.

"Nieleze kama mtu asiyejua kitu," alisema.

"Unajua. Nilisikia ulikwenda kusoma masomo ya jioni."

"Ndiyo maana najua kwamba sijui. Haya."

Bronwyn alivuta pumzi. "Kumbukumbu ya kompyuta ni kama moteli. Kila kitu kwenye ukurasa, picha, kitufe, video, kinapewa chumba. Kikimaliza kazi, chumba kinarudishwa mapokezi, anapewa mgeni mwingine. Sawa?"

"Sawa."

"Sasa, sehemu moja ya kivinjari chetu ilirudisha chumba lakini ikasahau kurudisha ufunguo. Baadaye inarudi, inafungua mlango, inadhani bado ni kwake. Na mwizi ameshajipangisha humo. Amejilaza kitandani, amevaa nguo za mwenyewe. Kivinjari kinamuuliza, 'Tufanye nini bosi?' Naye anakipa amri."

"Kikatii."

"Kinatii kila kitu. Kwa sababu yule si mgeni, ni mwenyeji. Hivyo ndivyo kinavyomwona."

Suzana alitikisa kichwa polepole. Alikuwa amekutana na matapeli wengi, lakini hakuna aliyempendeza kwa ubunifu kama huyu.

"Na Semisi, katika taarifa yake, alifikaje kwenye chumba hicho?"

"Njia fupi. Unacheza video, unafunga dirisha lake wakati bado inacheza. Basi."

"Wezi je?"

Bronwyn alifungua msimbo wa ukurasa, mistari ya amri zinazouendesha. Suzana alisogea, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza na kusoma kimoyomoyo, mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma Zaburi kwa lugha ya kanisani. Bronwyn alitazama saa. Suzana hakuharakisha.

"Hawafungi dirisha," alisema hatimaye.

"Hapana. Wanapitia kwenye maandishi."

"Yepi?"

"Yale ya tafsiri yanayopita chini ya video. Wanaweka seti mbili za maandishi, halafu seti ya kwanza inapoonekana, wanaifuta ya pili. Inafika chumba kile kile."

"Semisi aliijua njia hiyo?"

"Haimo kwenye taarifa yake. Lakini hilo halina maana. Wamebadilisha njia ili kuficha walikopata siri."

Suzana alivua miwani. "Bronwyn, mimi nimekaa na wezi. Mwizi akiuziwa ufunguo wa mlango wa mbele, hapandi juu ya paa aingilie kwenye vigae ili kumlinda aliyemuuzia. Anaingia mlango wa mbele, anabeba televisheni, anaondoka."

"Hao ni wezi wa televisheni."

"Wote ni wezi wa televisheni." Alivaa miwani tena. "Kiraka chenu je? Msimbo wenu si uko wazi kwa dunia nzima?"

"Uko wazi, na tunajivunia. Ndiyo maana tukiziba tundu tunaandika maelezo makavu kabisa. Semisi aliandika 'usafi mdogo.' Mistari minne. Inarudisha ufunguo, haisemi mlango uko wapi. Na jaribio la kuonyesha tundu hatuliweki hadharani mpaka watu wengi wawe wamepata toleo jipya. La Semisi limefungiwa. Nimelikagua mwenyewe. Nalo ni la kufunga dirisha."

Kwa hiyo kulikuwa na njia ya pili, na hakuna mtu ndani ya nyumba hii aliyekuwa anaijua. Au yupo mmoja asiyejua kwamba anaijua. Suzana alirudi mwanzo wa ukurasa.

"Hapa," alisema. "Video inacheza. Halafu inasimama. Halafu inacheza tena. Ndipo maandishi yanafutwa. Kwa nini inasimama?"

Bronwyn aliinama. "Labda kuupa muda mfumo."

"Labda? Ondoa hilo pumziko, tuone."

Bronwyn alifuta mstari mmoja, akafungua ukurasa upya. Kivinjari kilitetemeka kidogo, kisha kwenye pembe ya skrini likafunguka dirisha dogo la kikokotoo. Ndiyo alama waliyoiweka badala ya sumu ya wezi: kikokotoo kikifunguka chenyewe, mwizi ameshaingia.

"Inafanya kazi," Bronwyn alisema.

"Rudia."

Kikafunguka tena.

"Sasa rudisha pumziko."

Kikafunguka vilevile.

Suzana alisimama, kiti kikarudi nyuma na kugonga ukuta. "Halina kazi! Bronwyn, halina kazi hata kidogo. Kuna mtu ameandika hatua isiyo na faida, na wezi wameiacha. Kwa nini mtu anaacha hatua isiyo na faida?"

Bronwyn alifikiri. Kisha uso wake ukabadilika. "Kwa sababu hakuiandika yeye."

"Kwa sababu ameinakili! Imefanya kazi, akaogopa kugusa. Kama mtu anayepika kwa maelekezo ya mtu mwingine, akaambiwa azungushe sufuria mara moja, anazungusha." Alikuwa ameshafika mlangoni. "Usipeleke barua yako popote."

"Saa nane, Suzana."

"Nimesikia."

Hakungoja lifti.

* * *

Wahandisi wa Pardalote walikaa ghorofa ya pili, katika chumba kimoja kirefu. Ukutani palikuwa na ubao mkubwa wa umeme ulioonyesha hali ya msimbo wote: kijani palipo salama, njano palipo na mistari isiyo na jaribio la kuhakikisha inafanya kazi, nyekundu palipovunjika. Leo ulikuwa kijani kitupu. Chini yake palikuwa na sahani yenye mabaki ya keki za lamington, chokoleti na unga wa nazi vimetapakaa mezani.

"Sherehe ya nani?" Suzana aliuliza.

"Si sherehe, ni adhabu," alisema mwanamke aliyekaa karibu, Kirrily, mwenye nywele za zambarau. "Ukiuchafua ubao, Ijumaa unatununulia lamington. Hizo ni zangu. Wiki iliyopita zilikuwa zangu. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitakuwa nimefilisika."

"Semisi amewahi kununua?"

Kirrily alishusha sauti. "Semisi? Hapana. Mungu anampenda yule, au Mzee Ewan anampenda. Dada, sisi hapa hatuamini yale yaliyosemwa Jumatatu. Mwandike hivyo huko mnakoandika."

"Nitaandika." Suzana aliinua sauti ili wote wasikie. "Nina swali la kijinga. Mtu anaandika jaribio la video. Anaicheza, anaisimamisha, anaicheza tena, ndipo anaendelea. Kwa nini?"

Kicheko kilipita meza hadi meza.

"Hakuna sababu," alisema mmoja.

"Ipo, inaitwa Bibi," alisema mwingine, wakacheka zaidi.

Kirrily alielekeza kidole kwenye pembe ya mwisho, penye mzee aliyeinamia kibodi, suruali yake imejaa manyoya ya mbwa. "Mzee Ewan. Bibi ni kompyuta yake iliyoko chini ya meza. Ina umri mkubwa kuliko mimi. Video ikichezwa mara ya kwanza inaikaba, mara ya pili inaipokea. Basi majaribio yake yote yanasimama na kuanza tena, ili Bibi apumue. Dunia nzima haina mtu mwingine anayefanya hivyo."

Suzana alitembea hadi mwisho wa chumba.

Ewan Drysdale alimkaribisha kwa kuondoa mfuko wa biskuti za mbwa kwenye kiti. "Wewe ndiye mpelelezi. Kaa, mama. Umekuja kuniuliza kuhusu kijana wangu?"

"Unamwonaje?"

"Yule akiokota senti tano anazunguka jengo zima kutafuta mwenyewe. Eti aliuza siri!"

"Siri ipi, mzee?"

"Sijui. Hawatuambii. Taarifa zile zimefungwa, na mimi siko kwenye orodha ya kina nani sijui." Alisema bila uchungu, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa.

Suzana alitoa karatasi aliyokuwa ameichapisha chumba cha majaribio, sehemu ndogo tu ya ukurasa wa wezi, akaiweka juu ya kibodi. Ewan alishusha miwani, akasoma, akatabasamu.

"Hili ni jaribio langu," alisema. "Wamebadilisha majina tu. Umelitoa wapi?"

"Kwenye kompyuta ya mwanasheria mmoja wa Suva."

Tabasamu lilibaki usoni mwake kwa muda baada ya macho kuwa yameshaelewa. Kisha likaondoka.

"Hapana," alisema. "Hapana, hapana. Mama, hapana."

"Niambie uliliandikaje. Polepole."

Ewan alishika magoti yake. "Semisi aliweka mabadiliko madogo. Aliandika 'usafi mdogo.' Mistari minne kwenye sehemu ya video, bila jaribio. Ubao ukawa njano. Nikajua Ijumaa watamcheka, na mama yake alikuwa ametoka tu hospitali, kijana hana raha. Nikasema, acha nimfichie aibu. Nikakaa mchana mmoja, nikatafuta njia ya kuifikia mistari ile, nikaipata kwenye maandishi ya tafsiri. Nikaandika jaribio, nikaliweka. Ubao ukarudi kijani. Hata sikumwambia."

"Uliliweka hadharani."

"Majaribio yote yako hadharani."

"Ulilijaribu kwenye msimbo wa zamani? Kabla ya kiraka?"

"Bila shaka. Jaribio lisiloanguka bila dawa si jaribio."

"Na?"

"Likaanguka. Vibaya kabisa. Kivinjari kilizimika papo hapo." Alijifuta paji la uso. "Nikafurahi. Naapa kwa Mungu, nikafurahi. Nikasema, limekamata kosa."

"Hukujiuliza kwa nini usafi mdogo unazuia anguko kubwa kiasi hicho?"

Kirrily na wenzake walikuwa wameacha kuchapa.

"Kwangu ule ulikuwa msimbo wa jana," alisema Ewan. "Sisi hapa tukishabadilisha kitu, cha jana kimekufa. Hatukioni tena. Ndivyo tulivyo wote humu." Alitazama ubao wa kijani. "Lakini watu wa nje bado walikuwa nao mkononi. Jana yetu ilikuwa leo yao."

Alisimama.

"Twende juu," alisema. "Twende sasa hivi, kabla hawajampeleka yule mtoto."

* * *

Bronwyn alifungua historia ya msimbo mbele yao. Hakuhitaji kusogeza mbali. Jaribio la Ewan liliingia mchana wa siku ambayo kiraka kiliingia. Ukurasa wa wezi ulionekana kwa mara ya kwanza wiki iliyofuata, ukiwa na seti mbili za maandishi na lile pumziko lisilo na kazi mahali pale pale.

Bronwyn alisoma mara mbili. Kisha akachukua kalamu, akavuta barua ya polisi, akakata jina la Semisi. Kalamu ilibaki hewani juu ya nafasi iliyoachwa.

"Andika langu," Ewan alisema. "Drysdale. Lina 'e' mwishoni."

"Usiandike," Suzana alisema.

"Bodi wanataka jina, Suzana."

"Barua hiyo ni ya mtu aliyeuza siri. Huyu hakuuza, wala hakujua kwamba ameshika siri. Umemficha Ewan tundu lililo kwenye msimbo anaoufanyia kazi kila siku, halafu unashangaa ameligonga? Angekuwa kwenye orodha yako, angefungia jaribio lake kama Semisi alivyofungia lake."

"Kanuni inasema wajue wachache."

"Wamejua wachache. Pamoja na wezi."

Bronwyn alikunja uso, kisha akashusha mabega. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana amechoka. Aliichana barua kwa urefu, akaichana tena kwa upana. "Nitakwenda kwa bodi mwenyewe," alisema. "Ewan, kaa. Usiniangukie hapa. Kirrily na wenzake wapitie kila jaribio lililoingia tangu kiraka cha mwisho, watafute mengine kama lako. Leo hii. Na kila anayeshika sehemu ya video ataingia kwenye orodha."

"Na mengine," Ewan alisema kwa sauti ndogo, "ninayo mawili sijayaweka."

"Yanaanguka?"

"Bado sijui. Bibi alikuwa anayafikiria."

"Basi yabaki kwa Bibi mpaka niyaone."

Suzana alikuwa ameshapiga simu. Iliita mara moja tu ikapokelewa, kana kwamba mtu alikuwa ameikalia.

"Semisi? Ni Suzana Trajkovska. Hakuna aliyeuza. Siri ilitoka kwa bahati mbaya, na haikutoka kwako. Jina lako halipelekwi popote."

Suzana aliikaza simu sikioni.

"Upo?"

"Nipo. Wale wa Suva wameshaweka toleo jipya?"

"Wote watatu. Juzi."

"Asante Mungu. Bi Suzana, nisaidie kitu kimoja. Tangu Jumatatu namwambia mama kwamba sikufanya. Ananiambia anajua. Lakini ananipakulia chakula kama mtu anayekwenda jela. Mwambieni nyie."

Suzana aliunyoosha mkono wenye simu kuvuka meza.

"Mimi?" Bronwyn aliuliza.

"Wewe ndiye uliyetangaza."

Bronwyn aliipokea simu kwa mikono miwili. "Mama Vainikolo? Habari za mchana. Naitwa Bronwyn Keogh, mimi ndiye..."

"Nakujua," ilijibu sauti nzito ya mama, kubwa kiasi kwamba Ewan aliisikia kutoka kitini kwake. "Endelea."

"Mwanao hakuuza kitu. Hakufanya kosa lolote. Aligundua hatari akaiziba, kama inavyotakiwa. Mimi ndiye niliyekosea, nikakosea mbele ya watu, na nitasema hivyo mbele ya watu wale wale."

Mama akasema, "Ngoja hapo hapo. Usikate."

Zilisikika hatua za haraka, televisheni ikizimwa, viti vikiburutwa, mtu akiitwa kutoka jikoni. Halafu sauti za chumba kizima zikaingia kwenye simu kwa pamoja, na juu yake sauti ya mama.

"Nimeweka spika. Shangazi zake wako hapa, na mchungaji yuko hapa. Sasa sema tena, mama. Anza mwanzo, na sema kwa sauti."

Bronwyn Keogh alisimama. Akavuta pumzi, akaanza mwanzo, kwa sauti.